Mwanafunzi Mgeni na Kiswahili Chake Jijini Kampala

Makerere imezoea wageni tangu zamani. Julius Nyerere alisoma hapa kuanzia 1943 hadi 1945, na Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa walifuata baadaye. Leo pia mwanafunzi anayetoka Mwanza, Mombasa au Bukavu huja akiamini kwamba lugha haitamsumbua: darasani Kiingereza, nje Kiswahili. Akifika sokoni Wandegeya, muuzaji humwelewa lakini humjibu kwa Kiganda au Kiingereza. Wengi hudhani wamedharauliwa. Makala haya yanaeleza kwa nini sivyo, na nini kifanyike.

Sababu ya kwanza ni historia. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala wa Uganda. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi kisichukue nafasi ya lugha ya Waganda. Kiswahili kikabaki zaidi jeshini na polisi. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi Kampala walikuwa wamezoea kukisikia kwa askari wanaoamrisha. Mzee anayesita kujibu hamchukii mgeni, yapo anayoyakumbuka.

Sababu ya pili ni msamiati. Mtanzania akisikia "posho" hufikiria fedha za kujikimu, kumbe Kampala ni ugali. "Taksi" si gari la kukodi bali ni ile ambayo Dar es Salaam huitwa daladala na Nairobi matatu. Neno ni lilelile, maana imehama.

Hata hivyo, Kiganda na Kiswahili ni ndugu wa Kibantu. Linganisha: omuntu na mtu, ennyumba na nyumba, okulya na kula, okugenda na kwenda. Kitenzi okusoma kina maana ya kusoma kama chetu, tena hutumika kwa kwenda kusali kanisani, kwa kuwa Wakristo wa kwanza Buganda waliitwa wasomaji. Mgeni anayeanza na "webale, ssebo" au "webale, nnyabo" ataona nyuso zikifunguka, na mara nyingi atajibiwa hata kwa Kiswahili.

Kwa walimu, jambo hili lina uzito. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi wetu watakaofundisha huko wanahitaji mazungumzo, si sarufi pekee. Wazungumzaji wenyewe wanaishi nao katika mabweni na hosteli za Kikoni, lakini ni mara chache huitwa darasani. Wakiitwa, tusiwakatize. Mwanafunzi wa Bukavu asemapo "niko na kitabu" anafuata kaida ya kwao. Afundishwe "nina kitabu" kama umbo sanifu la mtihani bila kuchekwa.

Pendekezo letu ni rahisi: kila mwanafunzi wa Kiswahili atafute mgeni mmoja, wakutane mara moja kwa wiki, nusu saa ya Kiswahili na nusu saa ya Kiganda. Hakuna gharama, na kila mmoja atakuwa mwalimu wa mwenzake. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.