Unavuka Namanga? Kitambulisho pekee hakitoshi
Unatoka Kitengela kwenda Arusha? Kabla hujapanda matatu ya Namanga, kagua mfuko. Tangu 2014, Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo kwenye mpango huo: beba pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Huna pasipoti? Omba kibali mapema kwenye eCitizen, kisha lipia Paybill 222222 kwa namba ya akaunti utakayopewa hapo. Mtu akikwambia mpakani, "Nitumie kwa simu nikuvushe," usitume. Ada ya serikali hailipwi kwa laini ya mtu binafsi. Utapoteza pesa, na kibali hutapata.