Ahadi ni Deni: Funzo la Mwandishi Aliyeongoza Chama

Kalamu na siasa ni majirani wa tangu na tangu. Mwandishi huyachungua matendo ya watawala na kuyatangaza. Kisha hutokea siku ambapo watawala wenyewe humwona kuwa mtu wa kufaa, wakamwita akae nao barazani. Katika Jamhuri ya Korea, ambayo tumezoea kuiita Korea ya Kusini, wito huo umeitikiwa na wengi. Park Byeong-seug, aliyekuwa Spika wa Bunge la Taifa kutoka 2020 hadi 2022, alikuwa mwandishi wa gazeti la JoongAng Ilbo. Chung Dong-young, aliyegombea urais mwaka 2007, alitoka katika shirika la utangazaji la MBC. Lakini yuko mmoja ambaye mwendo wake una mafunzo makubwa zaidi kwa kila mwanachama wa chama chochote cha siasa, naye ni Lee Nak-yon.

Jina hilo si geni kabisa katika nchi zetu. Mwezi Julai 2018, akiwa Waziri Mkuu, alizuru Kenya, Tanzania na Oman katika safari moja. Dar es Salaam alipokewa na Rais John Magufuli, wakati ambapo nchi hizi mbili zilikuwa zikitayarisha ujenzi wa daraja jipya la baharini kwa mkopo wa Korea. Daraja hilo ndilo Tanzanite, lililofunguliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2022. Basi si vibaya tukimjua mtu huyo alitoka wapi, alifika wapi, na ni jambo gani lililomkwaza.

Miaka 21 ya gazeti

Lee alizaliwa katika familia ya wakulima wilayani Yeonggwang, mkoani Jeolla Kusini. Ni upande wa nchi ambao kwa miaka mingi ulijiona umewekwa kando katika mgao wa maendeleo, na ambao kwa sababu hiyo ulikuwa ngome ya upinzani dhidi ya tawala za kijeshi. Alisoma sekondari mjini Gwangju, kisha sheria katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul. Mwaka 1979 akajiunga na gazeti la Dong-A Ilbo, akadumu nalo miaka 21.

Hapana budi tukumbuke gazeti hilo lilikuwa limetoka katika mtihani gani. Mwezi Desemba 1974, kwa shinikizo la utawala wa Rais Park Chung-hee, makampuni yaliyokuwa yakitangaza biashara zao gazetini humo yalianza kujiondoa moja baada ya jingine. Gazeti likatoka likiwa na nafasi tupu. Raia wa kawaida wakachanga fedha zao na kununua vijitangazo vidogo ili lisife. Hata hivyo, mwezi Machi 1975 wenye gazeti walisalimu amri, wakawafukuza waandishi zaidi ya 100 waliokuwa wakidai uhuru wa kuandika. Lee aliingia miaka minne baadaye, na katika mwaka wake wa kwanza Rais Park akauawa. Mwezi Mei 1980 wananchi wa Gwangju, mji uleule aliosomea Lee, waliinuka dhidi ya utawala wa kijeshi na wengi wakapoteza maisha. Magazeti yalikuwa chini ya mikasi ya wakaguzi, na ukweli wa mji huo haukuweza kuchapwa.

Kijana aliyejifunza kazi katika zama kama hizo hujua thamani ya neno moja lililo sahihi. Lee alipanda ngazi kwa utaratibu: mwandishi wa siasa, mwakilishi wa gazeti mjini Tokyo, mwandishi wa tahariri, mkuu wa habari za nchi za nje. Katika kazi ya siasa alimfuatilia kwa karibu Kim Dae-jung, kiongozi wa upinzani aliyepata kuhukumiwa kifo na baadaye akawa Rais mwaka 1998. Ni chama cha Kim kilichomwita, na katika uchaguzi wa mwaka 2000 Lee akawa mbunge wa Hampyeong na Yeonggwang, nyumbani kwao.

Daftari la mwandishi

Mtihani wa kwanza ulikuja mapema. Mwaka 2002 alikuwa msemaji wa Roh Moo-hyun, Rais mteule. Mwaka uliofuata wafuasi wa Roh walijitenga na kuunda chama kipya. Lee akabaki katika chama cha zamani. Mwezi Machi 2004 chama hicho kilipoungana na wapinzani kumshitaki Rais Bungeni, kura zilizounga mkono zilikuwa 193, zilizopinga 2 tu. Kura ilikuwa ya siri, lakini mwaka 2021 Lee alieleza kwamba yeye alipinga. Mwezi mmoja baadaye chama chake kilianguka vibaya katika uchaguzi, kikaambulia viti 9. Kiti chake kilikuwa kimojawapo. Wapiga kura wa nyumbani walimrudisha tena mwaka 2008 na 2012, na kwa muda aliongoza kamati ya Bunge inayoshughulikia kilimo. Mwaka 2014 akachaguliwa kuwa gavana wa Jeolla Kusini.

Tarehe 31 Mei 2017 Rais Moon Jae-in alimfanya Waziri Mkuu. Akashika wadhifa huo hadi Januari 2020, muda mrefu kuliko Waziri Mkuu mwingine yeyote tangu Wakorea walipojirudishia haki ya kumchagua Rais kwa kura ya moja kwa moja mwaka 1987. Sifa zake zilitokana na ujuzi wa kazi yake ya awali. Bungeni alijibu kwa maneno machache na sauti ya upole, jambo lililowapokonya wapinzani wake hoja. Moto mkubwa ulipounguza misitu na nyumba mkoani Gangwon mwezi Aprili 2019, alikwenda na daftari lake, akaandika kwa mkono wake nani amekosa nini na wizara ipi inawajibika kwa lipi. Kurasa hizo zilipoonekana hadharani, wananchi walifarijika. Kiongozi anayeandika haja za watu ni nadra. Anayerudi kuzisoma alizoandika ni nadra zaidi.

Neno lililofutwa

Tarehe 15 Aprili 2020 alishinda jimbo la Jongno, katikati ya Seoul, akimshinda kiongozi wa upinzani, Hwang Kyo-ahn. Ikawa mara yake ya tano kuwa mbunge. Chama cha Demokrasia na tawi lake vilipata viti 180 kati ya 300, na mwezi Agosti wanachama wakamchagua Lee kuwa mwenyekiti kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Wengi walimhesabu kuwa Rais ajaye. Chini ya uongozi wake, Januari 2021, Bunge lilipitisha sheria ya kuwaadhibu waajiri ambao uzembe wao huua wafanyakazi. Hiyo ni kazi ya kheri, na haifai isahauliwe.

Lakini papo hapo ndipo ulipotokea mkasa wenyewe. Tangu mwaka 2015 katiba ya Chama hicho ilikuwa na kifungu cha uungwana: iwapo uchaguzi mdogo utafanyika kwa sababu ya kosa kubwa la mtumishi wa Chama, Chama hakitasimamisha mgombea. Mwaka 2020 mameya wa miji miwili mikubwa kabisa, Seoul na Busan, wote wa Chama hicho, walituhumiwa kuwadhalilisha wanawake waliokuwa chini yao kazini. Mmoja akajiuzulu, mwingine akafariki. Saa ya kuutimiza mwiko ilikuwa imewadia. Uongozi wa Lee ukawapelekea wanachama hoja ya kukirekebisha kifungu hicho. Zaidi ya asilimia 86 ya waliopiga kura walikubali, ingawa waliojitokeza hawakufika theluthi ya wenye haki. Wagombea wakasimamishwa, na tarehe 7 Aprili 2021 Chama kikashindwa katika miji yote miwili kwa tofauti kubwa.

Watetezi wake husema kwamba kuiacha miji hiyo ni kuwanyima wananchi nafasi ya kuchagua. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini ilipaswa kutolewa mwaka 2015, siku kifungu kilipoandikwa. Ahadi iliyotolewa wakati wa raha na kufutwa siku inapodaiwa haikuwa ahadi, ilikuwa pambo. Na aliyesimamia ufutaji huo alikuwa mtu aliyeishi miaka 21 kwa kuyapima maneno ya wengine.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mteremko. Pendekezo lake la mwanzo wa 2021 la kuwasamehe marais wawili wa zamani waliofungwa liliwaudhi wafuasi wake mwenyewe. Mwezi Septemba aliacha ubunge ili aupiganie urais. Oktoba akashindwa na Lee Jae-myung katika kura za ndani ya Chama. Januari 2024 alikihama chama alichokitumikia miaka 24, akaanzisha chama kipya, akagombea Gwangju na kuanguka. Mwaka 2025 akamuunga mkono mgombea urais wa kambi aliyoipinga maisha yake yote, naye pia akashindwa.

Hatuandiki haya kwa kumdhihaki. Mtu aliyelitumikia taifa lake kwa daftari na kalamu anastahili heshima. Tunaandika kwa sababu kila chama, kikubwa kwa kidogo, kina katiba yake na miiko yake, na wako viongozi wanaoiona miiko hiyo kuwa kizuizi kila inapowagusa. Idadi ya viti haikumwokoa Lee, wala wingi wa kura za ndani. Wananchi husoma katiba za vyama kama walivyosoma magazeti yake: neno kwa neno. Chama kisichotaka kulipa deni kiache kukopa. Na kikishaahidi, kitimize, hata kama gharama yake ni kupoteza miji miwili.