Daktari Naye Huchoka

Dereva wa basi akisinzia, abiria hupiga kelele. Mgonjwa aliyekwisha kupewa nusukaputi hawezi.

Mwaka 2008 madaktari wapasuaji 7,905 wa Marekani waliulizwa kuhusu kazi na maisha yao. Wanne katika kila kumi walikuwa wamechoshwa na kazi kupita kiasi: moyo hauna nguvu, mgonjwa anaonekana kama kitu, kazi haina tena maana. Karibu 9 katika kila 100 walihofia kuwa wamefanya kosa kubwa katika miezi mitatu iliyotangulia. Kadiri uchovu huo ulivyozidi, ndivyo waliotaja makosa walivyoongezeka.

La kusikitisha ni kwamba zaidi ya saba katika kila kumi ya hao walijilaumu wenyewe, si utaratibu wa kazi. Anayejilaumu hunyamaza, na kesho hurudi kushika kisu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hali hii hutokana na shinikizo la muda mrefu kazini lisilodhibitiwa. Basi dawa yake ianzie kazini: zamu za haki, wasaidizi wa kutosha, na mkuu wa hospitali asiyemcheka daktari anayesema amechoka.