Maumivu ya Mama Baada ya Kupasuliwa

Mama aliyepasuliwa ili azae, au aliyetolewa tumbo la uzazi kwa sababu ya ugonjwa, huona jeraha likimchoma kila anapokohoa. Hathubutu kugeuka kitandani. Mtoto analia ubavuni, naye hawezi kumwinua. Twasikia watu wakisema: «Avumilie, ndilo fungu la mwanamke.» Neno hilo sisi hatulikubali. Papa Pius XII naye, alipoulizwa na waganga wa usingizi wa Italia, aliwajibu tarehe 24 Februari 1957 kwamba hakuna sharti la jumla linalomlazimisha Mkristo kukataa dawa ya kutuliza maumivu.

Basi, waganga hufanyaje? Ubavuni mwa tumbo mna tabaka tatu za nyama. Kati ya ile ya pili na ile ya ndani kabisa hupita mishipa ya fahamu, ipelekayo habari za jeraha mpaka uti wa mgongo, na kutoka hapo ubongoni. Mganga huchoma sindano kuume na kushoto, akaimwaga dawa ya ganzi papo hapo kati ya tabaka hizo. Siku hizi wengi huiongoza sindano kwa ekografia, waone ilikofika. Mishipa hunyamaza kwa saa kadhaa, naye mama yu macho, ana akili timamu.

Mganga Rafi alieleza njia hiyo mwaka 2001. Mwaka 2008 McDonnell na wenzake wa Ireland walitoa habari za wanawake 50 waliozaa kwa kupasuliwa. Waliopata ganzi hiyo walihitaji, kwa wastani, miligramu 18 za morfini katika saa 48. Wenzao waliochomwa sindano isiyo na dawa walihitaji 66. Si jambo dogo, kwa maana morfini huleta usingizi, kichefuchefu na mwasho, na ikizidi hupunguza pumzi.

Lakini ganzi ya ubavuni haifiki ndani, kwenye tumbo la uzazi lenyewe. Kwa hiyo mama hupewa pia dawa nyingine, kama parasetamoli. Tena, aliyekwisha kutiwa morfini uti wa mgongoni hapati faida kubwa ya kuongezewa sindano hii.

Dawa yenyewe hupimwa kwa uzito wa mwili, kwani ikiingia kwa wingi katika damu yaweza kuleta kifafa na kuuvuruga moyo. Mama akiona midomo inakufa ganzi, au masikio yanavuma, amwite muuguzi mara moja, asingoje.