Rejeta ya Subaru Mlimani Senjele
Mwenye Subaru Impreza apandapo mlima Senjele, wilayani Mbozi, nyuma ya msafara wa malori ya Tunduma, mwendo ukiwa wa taratibu na upepo haba, ndipo atambuapo kwamba rejeta ndiyo inayoihifadhi injini yake na maangamizi. Basi anunuapo mbadala, aitazame maungioni: ya asili kwa kawaida ina matangi ya plastiki yaliyobanwa kwenye kiini cha alumini, na hapo ndipo ufa upendapo kuanzia, ilhali ya alumini tupu, ikichomelewa vema, hustahimili zaidi, wala asighurike na unene, maana kiini kinene mno huhitaji feni yenye nguvu. Na kifuniko kiwe cha shinikizo aliloagiza mtengenezaji, kwani katika nyanda hizi za juu maji yasiyoshinikizwa huchemka kabla ya nyuzi 100.