Kijiti cha Uzazi wa Mpango Kisizame Mkononi



Mama wa Marangu, Kibosho au Rombo anaishi kwa mikono yake. Anakata majani ya ng'ombe. Anachuma kahawa. Anabeba ndizi kwenda sokoni. Mkono ukifa ganzi, kazi husimama. Leo tujifunze kuulinda mkono wenye kijiti cha uzazi wa mpango.

KIJITI NI NINI?
Kijiti, au kipandikizi, ni chembamba na urefu wake ni sentimita 4 hivi. Ndani yake mna dawa ya kuzuia mimba. Viko vya miaka 3 na vya miaka 5. Huwekwa juu ya kiwiko, upande wa ndani wa mkono usioutumia sana. Hukaa chini ya ngozi tu.

HATARI IKO WAPI?
Ukigonga kiwiko, shoti hukimbia mpaka kidole cha mwisho. Umegonga mshipa wa fahamu. Mshipa huo hupita upande wa ndani wa mkono, karibu na mishipa mikubwa ya damu. Kijiti kikizamishwa sana, mshipa wa fahamu waweza kuumia wakati wa kukiweka au kukitoa. Ajali hii hutokea mara chache. Sababu yake si dawa, bali ni kijiti kuwekwa mahali pasipofaa. Kwa hiyo usiogope kupanga uzazi. Jua la kufanya.

FANYA HIVI
1. Ukisikia shoti au maumivu makali yakikimbilia vidoleni wakati wa kuwekewa, sema papo hapo.
2. Kabla ya kuondoka zahanati, wewe na muuguzi mkiguse kijiti kwa vidole. Lazima kisikike chini ya ngozi.
3. Kama hakisikiki, usiende nyumbani ukanyamaza. Huenda kimezama, au hakikuingia kabisa. Tumia kondomu mpaka kijiti kipatikane.
4. Ganzi ya sindano huisha baada ya saa chache. Mkono ukiendelea kufa ganzi, kuchoma, au vidole vikikosa nguvu, rudi upesi. Usingoje miezi.

WAKATI WA KUKITOA
Kijiti kinachosikika hutolewa zahanati au kituo cha afya na mtu aliyefundishwa. Kisichosikika kisitafutwe kwa kisu. Huko ndiko mishipa hukatwa. Omba barua ya kwenda hospitali kubwa, kama Mawenzi au KCMC hapa Moshi. Huko hutafutwa kwanza kwa picha, ndipo daktari akitoe. Usikitoe mwenyewe kwa wembe nyumbani, wala usimwombe jirani.

Baba, nawe usiseme haya ni mambo ya akina mama. Mkeo akilalamika mkono, msindikize zahanati.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini kijiti kiguswe kabla ya kuondoka zahanati?
2. Jirani yako hasikii kijiti chake. Utamshauri nini?