Nyumba inayongoja matanga

Kijijini kwetu Nyatike, katika kaunti ya Migori, zipo nyumba ambazo taa zake huwashwa kwa mambo mawili tu: Krismasi na matanga. Ni nyumba za kuvutia macho. Mapaa yake ni ya vigae vyekundu, madirisha ni ya vioo vipana, na mbele pana veranda yenye nguzo nne nene ambazo, kwa kadiri nijuavyo, hazibebi chochote ila heshima ya mwenyewe. Wenye nyumba hizo wako Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Anayeishi nazo ni mlinzi mmoja alalaye katika chumba cha nyuma, pamoja na popo wa darini.

Mojawapo ni ya kaka yangu. Aliijenga kwa miaka tisa, mkopo baada ya mkopo, ndani ya boma la marehemu baba yetu, hatua hamsini kutoka mlango wa Mama. Ina vyumba vitano vya kulala, na tangu ikamilike sidhani kama mwenyewe amelala humo siku thelathini zikitiwa pamoja. Mara ya mwisho milango yote kufunguliwa ilikuwa wakati wa mazishi ya ami yetu, jamaa walipolala hata sebuleni.

Mwezi wa Juni kaka alinipigia simu. Alikuwa amesikia kwamba familia za mjini siku hizi hulipa fedha nzuri kwenda kupumzika mashambani katika nyumba ya kisasa, mahali penye kimya, upepo na mbuzi wa kuwaonyesha watoto. Kwa nini basi nyumba yake ikae bure ilhali mkopo haukai bure? Alikuwa amemweleza Mama, naye Mama alikuwa amekataa kwa neno moja. "Wewe ni mwalimu," kaka akaniambia, "maneno ndiyo kazi yako. Zungumza naye."

Ndugu msomaji, sikupenda kutetea jambo nisilolijua. Ilitokea kwamba walimu wenzangu watatu nami tulikuwa tukipanga likizo ya Agosti pamoja na jamaa zetu. Badala ya kwenda Mombasa, kama tulivyokuwa tumekusudia, niliwashawishi tukodi jumba la kifahari ukingoni mwa Ziwa Victoria, baina ya mji wa Homa Bay na Mbita. Bei ilikuwa shilingi 24,000 kwa usiku mmoja. Mwalimu asomaye haya yamkini amekwisha kushika kichwa, lakini agawanye kwa familia nne ndipo aendelee kusoma.

Starehe za aina hii si ngeni kabisa katika pwani hiyo ya ziwa. Kwa miaka mingi visiwa vya Rusinga na Mfangano vimekuwa na hoteli ndogo za gharama kubwa, ambazo wageni wake wengi hufika kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara, wakavua mbuta siku mbili, kisha wakaruka kwenda zao. Jambo jipya ni kwamba mgeni sasa anaweza kuwa mimi na wewe. Barabara ya lami imefika Mbita. Halafu mwaka wa 2025, sherehe za Sikukuu ya Madaraka zilipofanyika mjini Homa Bay, na mwezi wa Agosti kongamano la ugatuzi likafanyika huko huko, watu wengi wenye nyumba waligundua kwamba kitanda kitupu kina bei.

Nisiwe mnafiki: tulistarehe. Nyuma yetu vilisimama vilima vya Gembe, mbele yetu lilitanda ziwa, na usiku taa za wavuvi wa omena zilijipanga majini hata watoto wakauliza ule ni mji gani ng'ambo ya pili. Maji ya moto yalitoka kwenye mfereji bila mtu kuwasha kuni. Hapakuwa na kengele. Mke wangu, ambaye katika miaka kumi na minane ya ndoa sijapata kumwona amelala jua likiwa juu, aliamka saa tatu asubuhi akakaa verandani na kikombe cha chai bila kumwuliza mtu yeyote kama amekula. Kwa hilo peke yake ningeweza kulipa tena. Walimu tumezoea kudhani kwamba likizo ni muda wa kusahihisha karatasi na kulima, na kwamba mapumziko ni mali ya watu wengine. Huo nao ni umaskini wa aina yake.

Dosari ilianzia jikoni. Chakula kilikuwa kimejumuishwa katika malipo, na jioni ya kwanza tukaandaliwa samaki. Mmoja wetu, mwenyeji wa Kendu Bay ambaye ulimi wake haudanganywi kwa mambo ya ngege, alitafuna mara mbili akaweka uma chini. Samaki yule alikuwa wa barafu. Tulipouliza, tulielezwa kwamba vyakula vyote huletwa kwa gari kutoka duka kubwa la Kisii, hata sukumawiki, hata mayai, ilhali mashua za wavuvi hutia nanga umbali usiozidi hatua mia tatu kutoka meza tuliyokalia.

Aliyetueleza hayo ni mtunzaji wa nyumba, kijana niliyemfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne. Alinitambua mara tu niliposhuka garini, akanipokea mzigo kwa mikono miwili. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "agizo ni kwamba wanakijiji wasiingie ndani ya ua. Mwenye nyumba asema wageni hawapendi kusumbuliwa." Mshahara wake wa mwezi mzima haukufikia malipo yetu ya usiku mmoja. Simtaji mwenye jumba hilo. Hayuko peke yake, na huenda hata yeye aliwaiga wengine.

Ua wenyewe ulikuwa wa waya, ulioshuka hadi majini. Ulikuwa umekata njia ambayo akina mama walipitia zamani kwenda kuchota maji na kuanika omena. Sasa walizunguka. Asubuhi ya pili niliwatazama kutoka verandani, ndoo vichwani, wakipita nje ya waya, nami nikiwa na gazeti mkononi. Sikuweza kuendelea kulisoma.

Tukatoka nje ya lango, sote, tukaenda ufuoni kununua samaki wetu wenyewe. Mama mmoja muuza omena alipotusikia tukisalimu kwa Kijaluo alishtuka. "Kumbe mnaolala humo ndani ni watu wa hapa?" akauliza. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu hakuinua hata uso. Alisema tu kwamba waya ule hautadumu, kwani mwaka wa 2020 ziwa lilipanda likameza nyumba na fuo nyingi, na likipanda tena halitauliza ua ni wa nani.

Siku hiyo hiyo tuliwapeleka watoto kuliona Ziwa Simbi, karibu na Kendu Bay. Wanajiografia hutufunza kwamba ni ziwa dogo la kreta, lililotokana na mlipuko wa volkeno. Wenyeji huliita Simbi Nyaima, yaani kijiji kilichozama, nao wana maelezo mengine. Ajuza mmoja, mchovu na mwenye njaa, alifika kijijini usiku wa karamu akaomba hifadhi. Watu wakamfukuza, wakamcheka. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, naye akaonywa aondoke mapema. Kisha mvua ikanyesha isiyo na mfano, na kijiji kizima, pamoja na pombe na ngoma zake, kikazama. Nimewasimulia wanafunzi ngano hiyo kwa miaka mingi kama mfano wa hekaya ya asili yenye funzo kuhusu ukarimu. Sikuwahi kuulizwa swali aliloniuliza binti yangu tukiwa tumesimama juu ya ukingo ule.

"Baba, yule bibi angekuwa na pesa, wangemfungulia?"

Nilimjibu kwamba zamani zile wageni hawakulipa. Hakuridhika, nami sikuridhika.

Nilifika kwa Mama wiki iliyofuata nikiwa na hoja zangu tayari, kama mwalimu aingiaye darasani na maandalio ya somo. Nilianza na historia. Si mbali na kwetu zipo kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, yamkini katika karne ya 16. Mwaka wa 2018 UNESCO ilizitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nilimkumbusha Mama kwamba ndani ya kuta hizo waliishi watu wa asili mbalimbali, hawa wakiondoka na wale wakiingia, na kila waliokuja walizitengeneza kuta za waliowatangulia. Nyumba kukaliwa na wageni si uzushi wa leo, nikamwambia. Ilikuwa hapa kabla yetu.

"Hao walikuja kuishi," Mama akanijibu. "Hawakuja kwa siku tatu."

Kisha akanieleza yake. Kwa mila za Wajaluo, mzazi halali katika nyumba ya mwanawe, wala mkwe halali kwa wakwe zake. Mwana mkubwa hujenga kabla ya mdogo. Nyumba mpya hulalwa kwanza na mwenyewe na mkewe. Vijana shuleni huyacheka mambo haya, hasa wakisikia habari za chira, ile laana impatayo avunjaye miiko. Nami nilipokuwa chuoni niliyacheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Lakini msikilize mjane wa miaka sabini na minne akuulize: watu wawili nisiowajua, pengine hata si mke na mume, walale ndani ya boma la baba yako, hatua hamsini kutoka kitanda changu, na asubuhi niwaamkie kama nani?

Sikuwa na jibu, ila nilisema kwamba nyumba inaoza kwa kungoja matanga.

"Ndiyo," akasema. "Na matanga yenyewe ni yangu. Siku nitakapokufa, mgeni akiwa amelipa, watoto wa baba yako watalala wapi?"

Hapo ndipo niliposhindwa, na kwa hakika nilistahili kushindwa. Sisi tulio mijini huziita nyumba hizi tupu kwa sababu hatuhesabu ile siku moja ambayo ndiyo sababu ya kujengwa kwake. Mama huihesabu. Na kwa upande wa pili, siwezi kukubali kwamba siku moja ile iifunge nyumba kwa miaka ishirini, mkopo ukiila familia na kijana wa kijiji akikosa kazi ya kufagia hata veranda. Naamini nyumba hizi zikodishwe. Lakini zikodishwe kama nyumba za kijiji, kwa masharti ya kijiji, wala si kama vipande vya Nairobi vilivyozungushiwa waya kando ya ziwa.

Tulizungumza hadi usiku, na ajabu ni kwamba masharti mengi aliyatoa yeye. Kaka aje kwanza na mkewe, walale nyumbani mwao wiki nzima. Lango la wageni lifunguliwe upande wa barabara, wasipite uani kwake. Maziwa, mayai na kuku wanunuliwe kwa majirani kabla ya mtu kupanda gari kwenda dukani. Njia ya kisimani isizibwe. Mimi niliongeza la serikali, kwa kuwa Sheria ya Utalii ya mwaka wa 2011 hudai leseni kwa anayekodisha nyumba ya wageni, na sharti hilo kaka hakulipenda hata kidogo. Mwisho Mama akasema kwamba mgeni aambiwe mapema, kabla ya kutoa shilingi moja: kukitokea msiba katika boma hili, nyumba ni ya wafiwa. Atarudishiwa fedha zake, atafutiwe pa kulala, na akipenda kubaki kulia nasi, chakula kipo.

Kaka aliposomewa hayo kwa simu alinyamaza kitambo. "Nani atakodi nyumba ya likizo," akauliza, "akubali kuhamishwa na maiti?"

"Mimi ningekubali," nikamwambia.

Alicheka, lakini hakukata simu. Alitaka kujua kama kuku wa Mama bado wanalala kwenye veranda yake, nikamwambia ndiyo, wote. Amesema atakuja Desemba. Wakati huo huo amenitaka niuandike mkataba kwa Kiswahili sanifu, kwa kuwa sitamtoza ada kama wakili. Nimeuandika. Sharti la mwisho la Mama nimeliweka la kwanza, kwa herufi zilizokolezwa, ili asitokee mgeni wa kusema hakuliona.